Kukaa Vibandani: Somo kwa Wazazi Wanaongoja Matokeo

Masomo ya kusoma nyumbani: Walawi 23:33-43, Kutoka 24:12-18 na 32:1-6, Waebrania 11:8-10.



Mtihani wa Kidato cha Nne hufanywa mwezi wa Novemba, na matokeo yake hutangazwa Januari, mara nyingi katika nusu ya pili ya mwezi. Katikati yake kuna Majilio, Krismasi, mwaka mpya na Epifania. Katika nyumba nyingi za parishi yetu yupo wakati huo kijana wa miaka kumi na saba hivi, amekaa barazani, hana sare, hana kengele ya kumwamsha, wala hana jibu. Si mwanafunzi tena, wala hajawa kitu kingine. Mwenye mtoto wa Kidato cha Sita naye ana zamu yake: mtihani mwezi wa Mei, majibu Julai. Somo letu la mwezi huu lawahusu wazazi wa watoto hawa. Miaka minne watoto wamefundishwa namna ya kujibu maswali, walakini hakuna aliyewafundisha kungoja, na wazazi wao ndiyo hivyo hivyo.

Tuanze na watu walioshindwa kungoja. Musa alipanda mlimani akakaa huko siku arobaini mchana na usiku. Watu waliobaki chini walijua amekwenda kupokea neno, ila hawakujua atarudi lini. Hapo ndipo walipomwendea Haruni wakamtaka awafanyie miungu. Kila tunapofundisha habari hii watu huwalaumu wale walioomba, wakamsahau yule aliyekubali. Haruni alikuwa mtu mzima, ndiye aliyeachiwa kambi. Aliona kimya kimekuwa kirefu, watu wana wasiwasi, basi akaona afadhali kufanya jambo lo lote kuliko kukaa bila jambo. Tazameni pia dhahabu ya ndama ile ilitoka wapi. Haruni aliitaka ile iliyokuwa masikioni mwa wake zao, na wana wao, na binti zao. Ndiyo kusema hofu ya wazee ililipiwa kwa pete za watoto.

Ndama huyu angali anatengenezwa katika nyumba zetu. Mzazi akizidiwa na wasiwasi hutafuta la kufanya, na lile analolipata kwanza mara nyingi ni baya. Huyu hukubali kuzungumza na watu wa mchumba kabla majibu hayajatoka, “ili tusije tukakosa vyote viwili.” Yule huenda kwa mganga usiku, na asubuhi aonekana katika Ushirika Mtakatifu. Mwingine humpa kijana pikipiki ya mkopo aendeshe abiria, bila leseni na bila kofia, mradi asionekane amekaa. Na walio wengi hawafanyi lo lote kati ya haya, ila kila jioni mezani hulitaja jina la mtoto wa jirani. Kijana naye hutafuta ndama wake: simu hadi usiku wa manane, au vibanda vya kubeti ambako vijana wetu hungoja majibu ya mpira maana hayo angalau hutoka siku ile ile. Hatusemi masomo ya awali ya Kidato cha Tano ni mabaya, wala kazi ya dukani. Twasema tu kwamba jambo lililofanywa kwa sababu mzazi hawezi kuvumilia kimya, mtoto hulitambua mara moja kwamba halikufanywa kwa ajili yake.

Sasa tutazame somo la Walawi. Waisraeli waliamriwa kuacha nyumba zao mwezi wa saba na kukaa vibandani siku saba, ili vizazi vyao vijue jinsi Bwana alivyowakalisha baba zao vibandani alipowatoa Misri. Wengi wetu twaijua sababu hiyo. Ambalo hatuliangalii sana ni wakati wa sikukuu yenyewe. Haikuwekwa wakati wa njaa, wala wakati wa kupanda. Iliwekwa baada ya mavuno kuingia ghalani. Kazi ya mwaka imekwisha, mtu aweza kuyahesabu magunia yake, na kesho yake aambiwa atoke nje akalale chini ya matawi. Mwenye magunia mia hutoka, na mwenye magunia matano hutoka. Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, yawataja kwa majina ya hali zao: wana na binti, watumwa, Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wote katika furaha moja. Umande wa usiku haukuuliza nani amevuna ngapi.

Kisha twamwona Ibrahimu katika Waebrania, naye akaa katika hema pamoja na Isaka na Yakobo, warithi pamoja naye wa ahadi ile ile. Hapa sisi tuliozoea kushika chaki hupenda kufanya hesabu kidogo. Ibrahimu alikuwa na miaka 100 alipozaliwa Isaka. Isaka alikuwa na miaka 60 alipozaliwa Yakobo. Ibrahimu alikufa akiwa na miaka 175. Toeni wenyewe: Yakobo alikuwa kijana wa miaka 15 babu yake alipofariki, umri wa mtoto wa Kidato cha Pili. Basi hema lile halikuwa la watu wazima peke yao. Alikuwamo mzee aliyengoja tangu zamani, na baba, na kijana ambaye bado hakuonyesha ye yote atakuwa mtu wa namna gani. (Tukimfuata Yakobo baadaye twaona kwamba kama angetahiniwa tabia siku zile, angeanguka.) Wote watatu waitwa warithi pamoja. Hawakusubiri kuona nani amefaulu ndipo wamwite mrithi.

Ni kwa ajili ya mafundisho haya kwamba wazazi kadhaa wa parishi yetu wamekuwa wakipiga kambi na watoto wao mwezi wa Desemba, baada ya karatasi ya mwisho na kabla ya Krismasi. Twapanda milima ya Usambara Mashariki kutoka Muheza hadi Amani, penye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu ambao sasa ni hifadhi. Panapo mahali palipotengwa kwa mahema, na ada hulipwa. Twakaa siku nne au tano. Masharti ni machache: hakuna mzazi anayelala nyumba ya wageni wakati mtoto wake yu hemani, kazi za kuni, maji na sufuria hugawanywa bila kutazama umri wala kama ni mume au mke, na chakulani mtihani hautajwi. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa akina baba.

Desemba mvua ya vuli haijaondoka sawasawa katika milima ile. Mwaka mmoja baba mmoja, fundi wa magari, alichagua mahali pa hema lake mwenyewe, bondeni, penye majani laini. Mwanawe alimwambia kwa adabu, “Baba, hapo maji yatapita.” Baba hakujibu. Usiku mvua ikaja kama ilivyo kawaida ya huko, na maji yakapita pale pale. Saa nane tulisikia vigingi vikitoka na sufuria zikielea, na yule baba akaja na blanketi lake kichwani mpaka hema la mwanawe, lililokuwa juu kwenye mteremko, na mfereji mdogo umechimbwa kulizunguka. Kijana hakusema neno, alisogea tu, akampa baba yake upande mkavu. Asubuhi tuliwaona wote wawili wamechuchumaa, baba akiuliza mfereji uwe na kina gani na maji yaelekezwe wapi, na mtoto akionyesha kwa kijiti. Mama wa kijana alituambia kwamba kwa miaka minne swali la baba kwa mtoto huyu lilikuwa moja tu: umepata ngapi? Hili la mfereji lilikuwa swali la kwanza ambalo baba mwenyewe hakujua jibu lake.

Wazee wetu waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa kabla ya mpango wa lazima kusimamishwa mwaka 1994 huwacheka wenzao katika mambo haya ya kulala nje, nao ndio huwasha moto kwa kuni mbichi. Mpango huo ulirudishwa mwaka 2013, na vijana wengi wa Kidato cha Sita siku hizi matokeo huwakuta huko huko makambini, mbali na nyumbani. Mzazi wa hao afadhali azungumze nao kabla hawajaondoka, maana kwa simu ya dakika tatu hayasemeki.

Lakini si kwa ajili ya mfereji tunaandika. Jioni ya pili ya kambi nyingine, binti mmoja alikuwa akimenya viazi na mama yake karibu na moto. Akauliza, bila kuinua macho, “Mama, nikipata sifuri, kitanda changu kitabaki kuwa changu?”

Mama alitaka kucheka, akaona mtoto hachezi. Tuna ruhusa ya mama huyo kueleza iliyobaki. Binti alikuwa na kaka. Kaka alipata sifuri miaka mitatu nyuma, na wiki ile ile alipelekwa Dar es Salaam kwa mjomba akauze bidhaa mitaani. Kitanda chake walipewa wadogo zake. Hakuna aliyemfukuza kwa maneno. Ila katika nyumba ile jina lake halikutajwa tena chakulani, na binti aliyekuwa Kidato cha Kwanza wakati huo aliona yote akayaweka moyoni. Miaka mitatu alisoma kwa bidii, na walimu walimsifu. Bidii ile ilikuwa ya mtu anayelipa kodi ya chumba.

Mama alimjibu, “Kitanda ni chako.” Kisha akakaa kimya muda mrefu, viazi vikaungua upande mmoja. Waliporudi Muheza alimpigia simu mwanawe wa Dar es Salaam akamwambia aje nyumbani kwa Epifania, na kwamba nauli itatumwa. Hakueleza sababu. Kijana alikuja.

Sasa, karatasi yenyewe husema nini? Wazazi wengi hulia au kushangilia juu ya jambo wasilolielewa, basi na tueleze kama darasani. Katika kila somo mtahiniwa hupewa herufi. A ni alama 75 na kuendelea, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Kila herufi ina pointi: A moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zikajumlishwa. Saba hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ndiyo sifuri.

Mtoto mwenye C tatu na D nne ana pointi 25, daraja la tatu. Mwenye C mbili na D tano ana 26, daraja la nne. Kuingia Kidato cha Tano hutakiwa angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini (sisi tuliofundisha dini hatulifurahii sharti hilo, lakini ndivyo lilivyo). Basi yawezekana watoto wawili waliokaa dawati moja wakatenganishwa na alama moja tu ya somo moja, huyu 45 na yule 44. Na karatasi haionyeshi alama, yaonyesha herufi tu. D ya 44 na D ya 30 zaandikwa sawasawa. Jirani anayesoma matokeo katika simu yake hawezi kujua, na mzazi hawezi, na mtoto mwenyewe hawezi.

Tena tukumbuke yaliyotukia katika mtihani wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi nzima ilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi wa Mei Serikali ikayatengua matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, maana namna ya kupanga madaraja ilikuwa imebadilishwa. Maelfu walioitwa sifuri Februari waliitwa jina jingine baadaye. Katika muda ule wa miezi mitatu hawakuandika hata mstari mmoja mpya. Majibu yao yalikuwa yale yale katika karatasi zile zile, na walikuwa watoto wale wale. Mzazi aliyemtoa mtoto wake kitandani mwezi wa Machi alimwambia nini mwezi wa Juni? Sisi hatulitaji jambo hili ili kuwadharau wenye kusahihisha. Kusahihisha ni kazi ngumu, na mtihani una faida yake: hupima kilichoandikwa siku ile, hugawa nafasi ambazo ni chache kuliko watoto. Hiyo ndiyo kazi yake. Nani ni mwana wa nyumba hii, hilo haukupewa kulipima.

Yafaa kusema pia kwamba daraja la nne si ukuta. Mwenye D nne katika masomo yasiyo ya dini ana sifa ya msingi ya kuomba vyuo vya cheti, ingawa vyuo vya afya, kilimo na vinginevyo vina masharti yake juu ya masomo gani. Vyuo vya ufundi vya VETA hupokea hata walio chini ya hapo. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwaruhusiwa. Haya yote mzazi ayaulize Desemba, wakati kichwa kimetulia, wala asingoje siku ya matokeo. Wala aliyefaulu hajamaliza kungoja: Kidato cha Tano huanza Julai, kwa hiyo baada ya Januari iko miezi mingine mitano ya kukaa barazani.

Zamani matokeo yalibandikwa ubaoni shuleni, na mtoto alikwenda kuyaona kwa miguu yake, mara nyingi peke yake. Alikuwa na njia nzima ya kurudia nyumbani, akilia kama ni kulia. Siku hizi mtaa wote huyafungua kwa dakika moja, shule kwa shule, na mwenye kuijua namba ya mtoto amekwisha kumjua. Kwa sababu hiyo twashauri familia ipatane mapema: nani atafungua, wapi, na nani atakuwapo. Mtoto ndiye mwenye karatasi, basi afungue yeye. Baba asiifungue dukani mbele ya wenzake, kisha akarudi nyumbani na uso uliokwisha kusema kila kitu. Tena chakula cha siku ile kipangwe kabla, kile kile kwa jibu lo lote. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alinunua kuku wiki moja mbele, akamwambia binti yake kwamba kuku huyu atachinjwa hata likija daraja gani. Sisi twaona mahubiri yale yalikuwa mazuri kuliko mengi tuliyoyasikia mimbarani.

Binti wa viazi alipata daraja la nne, pointi 26. C mbili, D tano. Alilia siku mbili. Kaka yake, ambaye alikuwa bado hajarudi Dar es Salaam, ndiye aliyekwenda naye kutafuta fomu, na sasa yuko chuo cha kilimo. Kaka mwenyewe amejiandikisha ufundi umeme hapa hapa, naye analala nyumbani. Kilinunuliwa kitanda kingine.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi. Haruni angeweza kuwaambia watu neno gani siku ya thelathini na tano, naye hana habari yo yote ya Musa? Kwa nini Sikukuu ya Vibanda iliwekwa baada ya mavuno na si kabla yake? Katika nyumba yako, ni jina la nani halitajwi chakulani, na lilianza lini kutotajwa? Swali hili la tatu lisijibiwe kwa sauti kikundini. Mtu aende nalo nyumbani.

Wanaotaka kwenda Amani mwaka huu wampe katibu wa parishi majina ya mzazi na ya mtoto pamoja. Jina la mmoja peke yake halitapokelewa. Kila mtu alete blanketi zito na sahani yake, na kila hema lije na jembe moja la kuchimbia mfereji.